Mwanafunzi kwa Fundi Wake

SABATO ALASIRI

Mafungu ya Juma Hili: Mk. 6:1-3, Yn. 5:1-20, Mk. 3:13-15, Mt. 11:28-30, Lk. 6:39, 40, Mk. 1:19, 20, Mdo. 15:36-40, 2 Tim. 4:11, Kut. 31:1-17, 35:30-35.

Fungu la Kukariri: Luka 6:40. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema kwa moyo.

Kigombe ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Watu wake huishi kwa bahari na kwa shamba. Maji yanapokupwa, ngalawa hulala mchangani zikingoja maji yajae. Mgeni akipita huvisifu vyombo na tanga zake. Mwenyeji huuliza jambo jingine: ni kazi ya fundi gani? Anajua kwamba baharini maisha ya mvuvi yanategemea mkono uliochonga gogo na kuziba nafasi katikati ya mbao. Wahenga wa pwani walilisema hilo kwa maneno machache: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Methali hiyo husemwa juu ya vyombo, lakini yafaa pia kwa watu. Nyuma ya kila fundi yuko fundi mwingine aliyemtangulia. Hakuna aliyezaliwa akijua kushika tezo. Kila mmoja aliwahi kuwa kijana aliyesimama pembeni, akafagia vumbi la mbao, akatumwa maji, akatazama, akakosea, akarekebishwa.

Kijana huyo ana jina katika Kiswahili, na jina lake limeingia katika Biblia. Juma hili lesoni inalichunguza jina hilo, kwa sababu limezoeleka mno masikioni mwa Wakristo. Wanaposikia "wanafunzi wa Yesu", wengi huona darasa, madawati na daftari. Yesu hakuwaitia darasani. Aliwaitia kazini, wakae naye mpaka mikono yao ifanane na yake.

JUMAPILI: Mwana wa Funzo

Katika lugha ya Kiswahili kuna kitenzi cha zamani, funda, maana yake kumpa mtu maarifa ya maisha au ya kazi. Hadi leo pwani husemwa kwamba kungwi humfunda mwari. Katika ukoo wa neno hilo yamo funza, fundisha, funzo na fundisho. Fundi naye huhesabiwa humo: ni mtu aliyefundwa kazi hata ikamkaa mkononi. Na mwanafunzi ni ndugu yao. Ni mwana, tena ni mwana wa funzo.

Neno "mwana" katika maneno ya namna hii lina uzito. Mwanamaji si mtu aliyeyaona maji tu; ni mtu wa maji, maji ndiyo maisha yake. Mwanachama ni mtu wa chama. Vivyo hivyo mwanafunzi si mtu aliyesikia funzo mara moja akaenda zake. Ni mtu ambaye funzo limemlea kama mzazi amleavyo mtoto. Ndiyo sababu pwani neno hilo halikuwa la chuoni peke yake. Kijana aliyekaa kwa seremala, kwa mhunzi au kwa mwunda vyombo, naye alikuwa mwanafunzi wa fundi fulani, akajulikana kwa jina la fundi wake.

Lipo neno jingine kwa yule anayeanza: mwanagenzi. Huyu ni mgeni wa kazi, mkono wake haujazoea. Leo serikali na VETA hulitumia wanapozungumzia mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya mahali pa kazi. Mitaani majina ni mengine. Kwa mwashi yuko saidia fundi; kwenye lori yuko utingo. Majina hayo hayana heshima kubwa, lakini mafundi wengi walianzia hapo.

Soma 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8. Waimbaji wa hekalu walipangiwa zamu zao namna gani? Katika fungu la 8, mwalimu na mwanafunzi wanapataje nafasi zao?

Neno la Kiebrania lililotumiwa hapo kwa mwanafunzi ni talmid, na katika Agano la Kale lote linapatikana mahali hapo tu. Linamhusu mtu anayejifunza kazi ya kuimba na kupiga vyombo mbele za Bwana. Mkubwa na mdogo, anayejua na anayejifunza, wote walipiga kura pamoja, na wote waliingia zamu. Anayejifunza hakuambiwa angoje nje mpaka awe hodari.

Katika Agano Jipya neno la Kiyunani ni mathetes, mtu anayejifunza. Linatumika katika Injili nne na katika Matendo ya Mitume tu. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, waliandika "wanafunzi". Neno hilo lilibeba harufu ya vumbi la mbao na ya chuo, vyote viwili. Msomaji wa leo amebakiwa na chuo, vumbi amelisahau.

Tafakari: Ukiulizwa leo, "Wewe ni mwanafunzi wa nani?", watu wanaokuona kazini na nyumbani wangetaja jina la nani kabla hujajibu?

JUMATATU: Mwana wa Seremala

Soma Marko 6:1-3 na Mathayo 13:54-56. Watu wa Nazareti walimjua Yesu kwa kazi gani? Kwa nini kazi hiyo iliwakwaza?

Mathayo anaandika kwamba watu walimwita mwana wa seremala. Marko anaandika kwamba walimwita yeye mwenyewe seremala. Injili hizo mbili zikisomwa pamoja, zinaonyesha njia ambayo kila mtoto wa fundi aliijua: alianza kuwa mwana wa seremala, akawa seremala. Neno la Kiyunani lililotumika, tekton, humhusu fundi wa kujenga na kuunda, hasa kwa mbao. Luka 3:23 inasema Yesu alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Basi sehemu kubwa ya maisha ya Mwokozi hapa duniani ilipita katika kujifunza na kufanya kazi ya mikono, mahali ambapo hakuna aliyemtazamia kutoka nabii.

Wayahudi wa zamani hawakuona aibu katika jambo hilo. Walimu wao walifundisha kwamba baba asiyemfundisha mwanawe kazi ni kama anayemfundisha wizi. Paulo, aliyesoma miguuni pa Gamalieli, alijua pia kushona mahema (Mdo. 18:3, 22:3).

Soma Yohana 5:16-20. Yesu anaelezaje uhusiano wake na Baba?

Mafungu haya husomwa mara nyingi kwa ajili ya mafundisho juu ya Uungu, na ni sawa. Lakini msikilizaji aliyekulia kwa fundi angesikia jambo jingine tena. Yesu anasema juu ya mwana asiyejitungia kazi yake mwenyewe. Anamtazama baba akifanya, naye anafanya vilevile. Baba naye hamfichi mwanawe siri za kazi. Anampenda na kumwonyesha yote. Yesu aliyekuwa amesimama karibu na Yusufu akimtazama anavyopiga randa, alichukua picha hiyo ya kawaida akaeleza jambo kuu kuliko yote.

Hapa pana neno kwa mafundi na kwa wazee wa kanisa. Wako mafundi wanaomwita kijana, wakamtumikisha miaka, lakini sehemu ngumu ya kazi wakaifanya akiwa ametumwa dukani. Wanaogopa kwamba akiijua atawanyang'anya wateja. Makanisani pia yako mambo ambayo mzee mmoja huyashika miaka 20 bila kumwonyesha kijana hata mmoja. Baba wa mbinguni hafanyi hivyo. Anampenda Mwana, na kwa hiyo anamwonyesha.

Tafakari: Ni kazi gani ya Mungu unayoijua vizuri? Ni nani aliyeko karibu nawe akikutazama unavyoifanya?

JUMANNE: Kushika Upande wa Pili wa Ubao

Soma Marko 3:13-15. Yesu aliwachagua wale kumi na wawili kwa makusudi gani? Ni lipi linalotajwa kwanza?

Kabla ya kutumwa kuhubiri, kabla ya kupewa mamlaka yoyote, kuna jambo rahisi ambalo Marko analitaja kwanza: wawe pamoja naye. Mtu aliyezoea shule angetazamia orodha ya masomo. Mtu aliyezoea banda la fundi haoni ajabu. Anajua kwamba mambo mengi ya kazi hayasemeki kwa maneno. Jinsi ya kuusikia ubao unaotaka kupasuka, jinsi ya kujua kwamba pamba iliyotiwa katikati ya mbao imeshika, jinsi ya kumjibu mteja mwenye hasira: hayo hujulikana kwa kuwapo.

Ndivyo walivyojifunza wale kumi na wawili. Walimwona akiamka alfajiri na mapema kwenda kuomba (Mk. 1:35). Walimwona akisimama njiani kwa ajili ya kipofu ambaye wengine walimnyamazisha (Mk. 10:46-52). Walimwona amelala katika chombo wakati wa dhoruba (Mk. 4:38). Walipomwambia awafundishe kusali, walisema hivyo baada ya kumwona anasali (Lk. 11:1). Somo lilitangulia kuonekana, ndipo likaulizwa.

Soma Mathayo 11:28-30. Anayetaka kujifunza kwa Yesu anaambiwa achukue nini?

Nira ni mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe wawili ili walime pamoja. Watu wa pwani hawakulima sana kwa ng'ombe, lakini wanalo jambo linalofanana nalo. Ubao mrefu wa mashua haubebwi na mtu mmoja. Fundi hushika kichwa kimoja, mwanagenzi hushika kingine. Mwanagenzi hajui bado ubao utakaa wapi. Hajui kwa nini fundi anaugeuza hivi na si vile. Kazi yake ni kushika upande wake na kwenda mwendo wa fundi. Akikimbia mbele, ubao humponyoka. Akibaki nyuma, uzito wote humwangukia fundi. Siku moja, bila kujua ni lini hasa, atagundua kwamba anajua.

Wako waumini waliochoka kwa sababu wanaubeba ubao peke yao. Wanajitahidi kuwa wapole kwa nguvu zao, kusamehe kwa nguvu zao, kushinda pombe au hasira kwa nguvu zao, kisha Sabato wanakuja kutoa taarifa kwamba wameshindwa. Yesu hasemi, "Nendeni mkajifunze kisha mje." Anasema mtu aje kwanza, naye atajifunza akiwa pamoja na aliye mpole na mnyenyekevu wa moyo.

Tafakari: Katika juma lililopita, ni saa ngapi ulikuwa pamoja na Yesu bila kumletea orodha ya mahitaji, bali kumtazama tu katika Neno lake?

JUMATANO: Kutengenezwa kama Nyavu

Soma Luka 6:39, 40. Yesu anasema mwanafunzi aliyekamilika atafanana na nani?

Yesu hasemi kwamba mwanafunzi aliyekamilika atajua yote ambayo mwalimu anayajua. Anasema atakuwa kama yeye. Huo ndio mtihani wa banda la fundi. Wazee wa pwani hutazama kazi ya kijana wakasema, "Huyu amekaa kwa fulani", kwa sababu mkono wa fundi umeonekana katika kazi ya mwanafunzi.

Sasa linganisha na Marko 1:19, 20. Yakobo na Yohana walikuwa wakifanya nini chomboni Yesu alipowaita?

Walikuwa wakizitengeneza nyavu zao. Katika Kiyunani, neno alilotumia Marko kwa kutengeneza nyavu na neno alilotumia Luka kwa mwanafunzi aliyekamilika ni neno moja, katartizo: kurudisha kitu katika hali yake, kukitengeneza hata kifae kazi. Paulo analitumia tena katika Wagalatia 6:1, anapowaambia ndugu wamrejeze kwa upole mtu aliyenaswa katika kosa. Petro, aliyekuwa mvuvi, analitumia katika 1 Petro 5:10 juu ya Mungu atakayewatengeneza watu wake baada ya mateso.

Anayeishi Kigombe hahitaji maelezo marefu. Nyavu zikirudi zimekwaruzwa na miamba ya matumbawe, mvuvi hazitupi. Huketi kivulini, akatafuta tundu moja moja, akashona. Kazi hiyo haina sifa wala haraka. Lakini nyavu zenye tundu zikirudishwa majini, usiku mzima hupotea. Basi mwanafunzi kukamilika si kwamba hajawahi kuchanika. Ni kwamba amekubali kushikwa, kutafutwa tundu zake, na kushonwa.

Soma Matendo 13:13, 15:36-40, 2 Timotheo 4:11. Ni nini kilichompata Yohana aitwaye Marko? Barnaba na Paulo walitofautiana juu ya nini? Mwisho wa habari ulikuwaje?

Marko alikuwa mwanagenzi aliyeiacha kazi katikati ya safari. Paulo alimkataa, na sababu yake ilieleweka: kazi ilikuwa ya hatari, na kijana huyu alikwisha kuwaacha mara moja. Barnaba alimchukua, wakaenda Kipro. Maandiko hayasemi Barnaba alimwambia nini huko. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni alimwagiza Timotheo amlete Marko, kwa maana amfaa kwa utumishi. Nyavu zilishonwa. Na yule ambaye Paulo hakutaka kwenda naye ndiye ambaye kanisa tangu zamani limesema aliandika Injili ya pili, ile ile yenye habari ya vijana wawili wakitengeneza nyavu.

Yuda naye alikaa na Fundi huyo huyo miaka ile ile. Alisikia yote, aliona yote. Lakini hakukubali kushonwa. Kukaa karibu kunahitajika, lakini kukaa karibu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi.

Tafakari: Je, liko jina la kijana katika kanisa lako ambaye aliacha, na ambaye watu hawalitaji tena? Barnaba wake ni nani?

ALHAMISI: Tezo Chini

Soma Kutoka 31:1-11. Mungu alimjaza Bezaleli nini, na kwa kazi zipi? Kisha soma fungu la 12 hadi la 17. Kwa nini agizo la Sabato linafuata mara moja?

Bezaleli ni mtu ambaye Biblia inasema alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Kutoka 35:34 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyoni kuwafundisha wengine. Kwa hiyo palikuwa na wanagenzi jangwani, na kazi yenyewe ilikuwa takatifu kuliko zote: kumjengea Mungu maskani. Hata hivyo, mara tu baada ya kuwataja mafundi, Mungu anasema juu ya Sabato. Hata nyundo iliyojenga hema ya Mungu ilipaswa kuwekwa chini siku ya saba.

Jambo hili linawagusa vijana wengi wa Kiadventista. Fikiria kijana wa miaka 18 aliyepata nafasi kwa fundi wa mashua katika kijiji kama Kigombe. Fundi ni Mwislamu mcha Mungu, mtu mwema. Ijumaa adhuhuri anaweka tezo chini na kwenda kuswali. Jumamosi ni siku ya kazi nyingi, maana wavuvi wanataka vyombo vyao. Kijana anajua kwamba siku akisema, huenda nafasi itakwenda kwa mwingine. Nyumbani mama yake ameuza mbuzi ili apate nauli na vifaa vya kuanzia.

Watu watampa mashauri ya namna tatu. Wa kwanza atasema, "Nyamaza mpaka ufuzu, Mungu anajua moyo wako." Wa pili atasema, "Acha kazi leo hii, usikae na wasioamini." Wa tatu atasema, "Jumamosi jidai mgonjwa." Shauri la kwanza linaiweka imani rehani. La pili linamnyima kijana kazi kabla hajamwuliza mtu yeyote. La tatu linamfanya kuwa mwongo mbele ya fundi aliyemwamini.

Iko njia ya nne, nayo ni ya mwanafunzi. Aende mapema, kabla kazi haijaanza, aseme kwa adabu: "Shikamoo, fundi. Nina neno. Siku ya Jumamosi ni ya ibada kwangu, tangu Ijumaa jua linapotua. Jumapili nitakuja alfajiri, na jioni nyingine nitabaki mpaka utakaposema basi. Nakuomba." Fundi anayeiheshimu Ijumaa yake anaweza kuelewa kuliko wengi. Anaweza pia kukataa, na lesoni hii haiwezi kumwahidi kijana kwamba hatakataa. Danieli na wenzake waliomba kwa upole, wakakubaliwa (Dan. 1:8-16). Baadaye wenzake watatu walikataa kusujudu, na walijua wazi kwamba huenda wasiokolewe (Dan. 3:16-18).

Akikataliwa, hapo ndipo kanisa linapoulizwa swali. Je, wako mafundi Waadventista walio tayari kumpokea? Je, kuna nyumba atakayokaa akitafuta mahali pengine? Kanisa linalomwambia kijana aitunze Sabato kisha likamwacha peke yake Jumatatu asubuhi, limeshika upande mmoja tu wa ubao.

Kumbuka pia kwamba maneno ya Yesu juu ya Mwana anayemtazama Baba (Yn. 5:19) yalisemwa kwa sababu ya Sabato. Alikuwa amemponya mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38. Sabato si siku ambayo mwanafunzi anamwacha Fundi wake. Ni siku anapoweka vyombo vyake chini ili amtazame Fundi bila kelele.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen White, katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, anaeleza utoto wa Yesu huko Nazareti, jinsi alivyojifunza kazi na kufanya kazi kwa mikono yake pamoja na Yusufu. Isome sura hiyo, ukiona jinsi uaminifu katika mambo madogo ulivyomwandaa kwa mambo makuu.

Siku hizi mtu aliyejifunza kazi kwa fundi bila kwenda chuo anaweza kupimwa na VETA, ujuzi wake ukarasimishwa na kupewa cheti. Haulizwi tu amesoma wapi. Anatazamwa anavyofanya kazi. Ndivyo Yesu alivyosema watu watakavyowatambua wanafunzi wake: wakiwa na upendo wao kwa wao (Yn. 13:35). Upendo ndio kazi inayoonyesha mtu amekaa kwa nani.

Zamani pwani ilikuwapo desturi. Mwanafunzi alipohitimu, alimpa mwalimu au fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba. Jina ni la kitambaa cha kichwani, ingawa zawadi yenyewe iliweza kuwa fedha. Ilikuwa namna ya kusema mbele ya watu, "Nilichonacho nimekipata kwako." Katika Injili mambo yanaanza kinyume. Fundi ndiye aliyewaosha wanafunzi miguu (Yn. 13:1-15), na Fundi ndiye atakayewavika taji waliomaliza mwendo (2 Tim. 4:7, 8). Lakini katika Ufunuo 4:10 wazee ishirini na wanne wanazivua taji zao na kuzitupa mbele ya kiti cha enzi. Wamepewa, nao wanamrudishia aliyewapa. Kilemba kimefika kwa mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, ni nani aliyejifunza kazi kwa fundi? Mwombeni aeleze jambo moja ambalo hakuambiwa kwa maneno bali alilijua kwa kukaa na fundi. Linafundisha nini juu ya kukaa na Yesu?

2. Paulo alikuwa na haki kumkataa Marko safarini? Barnaba alikuwa na haki kumchukua? Kanisa lawezaje kuilinda kazi, na wakati huohuo kumshona aliyechanika?

3. Orodhesheni kazi za kanisa lenu ambazo zinajulikana na mtu mmoja tu: uhasibu, muziki, kutembelea wagonjwa, kufundisha lesoni. Kila moja ipatiwe mwanagenzi kabla robo hii haijaisha.

4. Kijana wa lesoni ya Alhamisi amerudi. Fundi amemkataa, na mama yake analia kwa ajili ya yule mbuzi. Ameketi mlangoni mwa kanisa lenu Sabato hii. Mtamwambia nini? Na Jumapili asubuhi mtafanya nini?